Pua ya Mwenyekiti

Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huamka kwa kelele za madebe. Jogoo hajamaliza maneno yake, na madebe yameanza kugongana njiani. Ni watu wa kikundi cha maziwa. Wengine wana ng'ombe watatu. Wengine wana mmoja tu, na huyo mmoja wanampenda kama mtoto wa kwanza. Wote wanaelekea kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Base Camp.

Hapo, juu ya kigoda, ameketi Mzee Gakwaya, mwenyekiti wa kikundi. Kiti hicho amekikalia miaka kumi na moja, tangu kikundi kianze. Kazi ya mwenyekiti ni kuitisha mikutano na kusaini barua. Lakini Gakwaya alijiongezea kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyompa ukubwa. Alinusa.

Mtu akifika, anafungua kifuniko. Gakwaya anainama. Anafumba macho. Anavuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayeanzisha wimbo kanisani. Kisha anasema neno moja kati ya mawili.

"Pita."

Au:

"Rudi."

Akisema pita, maziwa yako yanamwagwa kwenye debe kubwa la pamoja. Yanachanganyika na ya wenzako, na pikapu inayapeleka Mbarara kwenye tangi la kupozea. Akisema rudi, unarudi nayo nyumbani, na njia nzima watu wanakuuliza kwa nini debe lako bado zito.

Pua ile haikukosea. Ilimjua ng'ombe aliyeiba vitunguu vya jirani. Ilimjua mama aliyesuuza debe kwa maji ya jana.

"Pua ya Muzee bangeipatia kadi yake ya posho," watu walitania. "Inafanya kazi kupita batu wawili."

Gakwaya alijifanya hasikii. Lakini siku hiyo alitembea ameinua shingo.

Chombo kimoja tu hakikunuswa, nacho kilikuwa bidoni ya plastiki ya Gakwaya mwenyewe. Nani atanusa maziwa ya mwenyekiti? Mke wake, Mukeshimana, aliileta, akamimina, akaenda zake. Desturi ikawa sheria, na hakuna aliyekumbuka nani aliitunga.

Mwaka juzi afisa wa mifugo alitoka Mbarara na sanduku. Ndani mlikuwa na vikombe viwili vidogo vya kioo na chupa ya spiriti. Alieleza vizuri. Unaweka maziwa kidogo na spiriti kidogo, kiasi sawa. Unatikisa. Maziwa yakibaki laini, ni mazuri. Yakifanya vipande vipande, yameanza kuharibika, hata kama hayajanuka.

Gakwaya aliisoma chupa. Uso ukambadilika. Yeye ni shemasi kanisani. Tena ni mfugaji, mtoto wa wafugaji wa milima ya Itombwe.

"Hii ni pombe?"

"Ni pombe ya kupimia tu, mzee. Si ya kunywa."

"Pombe mu maziwa?" Gakwaya alisimama. "Kwetu mutu aliyekunywa pombe hagusi chombo cha maziwa. Wewe unataka nimwagie pombe maziwa yenyewe? Sisi tuko na pua, bwana."

Wanachama wakapiga makofi. Sanduku likafungiwa nyuma ya kibanda, na buibui wakalipokea kwa furaha.

*

Mvua za Machi zilikuja na mafua. Gakwaya alilala wiki nzima. Alipoamka, homa ilikuwa imekwenda. Alikula, akaona chakula hakina ladha. Akasema ni ugonjwa, utapita.

Siku moja alikuwa ameketi jikoni peke yake. Mukeshimana akaingia anakimbia, ameziba pua kwa kitenge.

"Gakwaya! Maharage yanaungua, na wewe umeketi pembeni yake?"

Alitazama chungu. Moshi mweusi ulikuwa unatoka. Akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akavuta tena. Hakuna. Pua ilikuwa pale pale usoni, lakini mwenyewe alikuwa amehama.

"Nilikuwa naomba," alimwambia mke wake.

Ulikuwa uongo wa kwanza. Uongo una uzazi mzuri kuliko sungura. Kesho yake alikwenda kwenye kigoda kama kawaida. Akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ya wimbo wa kanisani. Kisha akafungua jicho moja na kumtazama mwenye debe. Aliyetulia alimwambia pita. Aliyeonekana kuwa na wasiwasi alimwambia rudi. Maziwa akawa anayapima kwa nyuso za watu.

Jambo hilo lilikwenda mwezi mzima. Halafu pikapu ikarudi na habari.

Kijana wa tangi kule Mbarara, Katungi, alikuwa amepima maziwa ya Nakivale. Alikataa mzigo wote. Alimpigia Gakwaya simu.

"Ssebo, mzee wangu, hii maziwa yenu inashikana. Mimi hapana weza kumwaga ndani ya tangi ya watu wengine. Bosi anasema, ikitokea mara tatu, munatoka. Nafasi yenu anapatia watu wengine."

Kikundi kilikuwa na familia arobaini. Hakukuwa na mnunuzi mwingine ambaye angechukua maziwa yao yote kila siku. Watu wakajaa kibandani. Kila mmoja aliuliza swali lile lile: maziwa ya nani?

Gakwaya alihisi macho yote yako juu ya pua yake. Akalazimika kusema jina. Na jina lililokuja mdomoni lilikuwa la Mukandoli.

Mukandoli ni mjane. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Bihogo, mwekundu wa giza, mwenye mimba ya miezi minne. Asubuhi ile alikuwa amechelewa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake lote.

"Ni ya Mukandoli," alisema Gakwaya. "Nilisikia harufu kidogo. Nikamuonea huruma."

Mukandoli alishika kichwa. "Papa Gakwaya! Ulinusa wewe mwenyewe. Ulisema pita. Sasa harufu imetokea wapi?"

"Unabishana na pua yangu?"

"Sibishani na pua. Nauliza wewe."

Watu wakacheka kidogo. Kicheko hicho kilimuuma Gakwaya kuliko mafua. Akageuka kwa mwandishi wa kikundi, msichana mmoja aliyeitwa Tuyisenge.

"Andika. Mukandoli, maziwa mabaya. Ametoka mu kikundi."

Tuyisenge alisita. Kalamu ilibaki hewani.

"Andika!"

Akaandika.

Mukandoli alijaribu kuuza maziwa yake nyumba kwa nyumba. Lakini neno lilikuwa limemtangulia kila mlango. Wiki ya pili alimuuza Bihogo kwa mchuuzi kutoka Bwizibwera. Wiki ya tatu alifunga nyumba yake, akaenda Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kufua nguo za watu.

Na wiki ya nne, Katungi alipiga simu tena.

"Ssebo, mara ya pili. Inashikana kupita ile ya kwanza. Banange, kwani huko munafanya nini?"

Safari hii hakuna aliyeuliza maziwa ya nani. Mukandoli hakuwapo tena. Watu walimtazama Gakwaya, wakaokota madebe yao, wakaenda.

*

Mukeshimana ni mwanamke wa maneno machache. Lakini amekaa na mume wake miaka arobaini, na maharage yake yaliungua mara tatu bila mume kugeuza kichwa. Alikwenda kwa jirani yao, Nathalie, mwanamke wa Uvira anayewafundisha watu wazima kusoma pale Kashojwa. Alasiri hiyo Nathalie akaja na daftari kwapani.

"Papa Gakwaya, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Mukeshimana amekuita."

"Ameniita. Anasema hulali."

"Mukeshimana anasema mingi."

"Anasema pia pua haifanyi kazi."

Gakwaya alimtazama mke wake. Mke alitazama kuku. Kuku hakuwa na la kusema.

Mzee akashusha pumzi. "Tangu mvua za Machi," alisema taratibu. "Sisikii kitu. Hata maua, hata mavi ya ng'ombe."

"Na unabaki kwenye kigoda kwa sababu gani?"

"Unataka nitoe demisio, niache kiti?" Aliuliza kwa ukali. "Nikiwa kijana kule Itombwe, niliona chefu mumoja wa kijiji anatoa demisio. Unajua sababu? Aliuza dawa za ng'ombe za batu bote. Asubuhi akatoa demisio, mangaribi akakimbia. Tangu siku ile minajua, demisio ni ya mwizi. Nikitoka leo, batu watasema nimeiba."

Nathalie alicheka, kisha akajizuia.

"Papa, mwizi yule alivaa pia suruali. Mbona wewe hujaacha kuvaa?"

Hata Mukeshimana alicheka.

"Sikiliza," Nathalie aliendelea. "Tuache demisio, ni ya Kifaransa. Redio ya Kiswahili inasema *amejiuzulu*. Neno hilo lilitoka kwa Waarabu. Mzizi wake ni kutenga, kuweka kitu kando. Watu wakikuuzulu, wao wamekutoa kwenye kiti. Ukijiuzulu, umejiweka kando mwenyewe."

"Yote ni kando."

"Ni kando. Lakini kuna kusukumwa na kuna kutembea kwa miguu yako. Na lipo lingine, *kung'atuka*. Hilo halikuvuka bahari. Lilitoka kwa Wazanaki, watu wa Mara kule Tanzania. Wanasema kwao wazee wa rika moja, wakati wao ukifika, waliliachia uongozi rika linalofuata. Mwaka 1985 rais wa kwanza wa Tanzania aliacha urais kwa hiari yake. Yeye alikuwa Mzanaki. Neno la nyumbani kwake likaingia midomoni mwa Waswahili wote."

"Hakuna aliyemfukuza?"

"Hakuna. Alirudi kijijini kwake akalima."

"Rais akashika jembe?"

"Akashika. Na watu waliendelea kumwita Mwalimu."

Gakwaya alitazama mikono yake. Swali alilouliza baadaye lilitoka kwa sauti ndogo.

"Mimi nikitoka, nitakuwa nani?"

"Mwanachama. Utasimama kwenye mstari."

"Mimi? Mu mustari? Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya aliyefika mbele yako."

Mzee alitikisa kichwa, lakini hakusema hapana. Nathalie akafungua daftari. Alimweleza kwamba kung'atuka si kutoweka. Kiongozi anawaambia watu uso kwa uso, naye anasema sababu ya kweli. Anaandika barua fupi na kuitia saini. Kisha anakabidhi vitu vyote mbele ya mashahidi: muhuri, kitabu, funguo, namba za simu za wanunuzi. Kila kitu kinaandikwa, ili kesho mtu asiseme hiki alibaki nacho.

"Na mwisho kabisa," alisema Nathalie, "unanyamaza. Unamwacha mwenzako afanye kazi. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote."

"Na ile chupa ya pombe?"

"Hatuinywi, Papa. Tunatia kijiko kimoja kwenye kijiko kimoja cha maziwa, halafu tunayamwaga. Hayarudi kwenye debe."

"Mungu anaona."

"Mungu anaona. Na yaliyompata Mukandoli pia aliyaona."

Gakwaya aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na hakurudi mpaka chai ilipopoa.

*

Jumamosi kikundi kilikutana. Gakwaya hakukaa kwenye kigoda. Alisimama.

"Pua yangu imekufa tangu Machi," alisema.

Mtu mmoja alicheka. Alifikiri ni utani.

"Mulikuwa munapita mbele yangu na mimi nilikuwa natazama sura zenu. Sikunusa kitu. Siku nilisema maziwa ya Mukandoli inanuka, nilidanganya. Sikujua ni ya nani. Nilitaka tu jina."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee aliendelea. Alisema anang'atuka. Alieleza neno hilo kama alivyoelezwa, na hakuna aliyepiga makofi. Barua yake ilikuwa na mistari minne. Aliweka mezani muhuri, kitabu, na ufunguo wa nyuma ya kibanda. Tuyisenge alivihesabu, Nathalie na wazee wawili wakatia saini.

Watu walipiga kura, na Tuyisenge akawa mwenyekiti. Waliandika pia sheria mbili mpya. Mwenyekiti atakaa miaka miwili, kisha watu watapiga kura tena, na hakuna atakayezidisha mihula miwili. Na kila debe litapimwa, hata mwenye debe awe nani.

Hiyo sheria ya pili ilianza kazi Jumatatu.

Sanduku lilifutwa buibui. Tuyisenge alipima debe la kwanza. Laini. La pili, laini. La tano alilirudisha, na mwenyewe hakubisha, kwa maana aliona vipande kwa macho yake. Hapo watu wakagundua jambo. Pua ungeweza kubishana nayo. Kikombe hakina uso wa kukasirikia.

Gakwaya alikuwa wa tisa kwenye mstari. Siku hiyo alikuja mwenyewe na bidoni yake ya plastiki, ya manjano, ya miaka mingi. Ilipofika zamu yake, Tuyisenge alimtazama kwa aibu.

"Muzee, wewe upite tu."

"Pima," alisema Gakwaya.

Tuyisenge alimimina, akatikisa. Maziwa yalishikana kama uji wa mtoto. Akarudia kwa kikombe cha pili. Vipande vile vile.

Alihamishia maziwa kwenye debe tupu, akaingiza mkono ndani ya bidoni. Chini kulikuwa na mikwaruzo mirefu, na katikati ya mikwaruzo utando wa manjano ambao sabuni haikuufikia. Plastiki ikikwaruzika, uchafu hujificha humo. Kila asubuhi maziwa mapya yalimwagwa juu ya uchafu wa zamani. Zamani Gakwaya angeusikia toka mlangoni, akaitupa. Tangu Machi hakuusikia. Na bidoni ya mwenyekiti haikunuswa na mtu.

Kila mtu alikuwa anafanya hesabu ile ile kichwani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Na Mukandoli katikati.

"Mwaga," alisema Gakwaya.

Yalimwagwa. Alisimama pale mpaka udongo ulipomaliza kuyanywa.

*

Kikundi kilipona. Wanachama waliacha bidoni za plastiki, wakachukua madebe ya aluminiamu, ambayo huoshwa yakatakata. Miezi ikapita, na Katungi hakupiga simu ya tatu. Alipopiga ilikuwa kuuliza kama Nakivale wanaweza kuongeza maziwa. Gakwaya alinunua debe jipya, akasimama kwenye mstari, na alipoona Tuyisenge anafanya jambo asilolipenda, aliuma ulimi. Siku nyingine aliuuma mpaka ukauma kweli.

Lakini maziwa ni kitu kimoja, na mtu ni kitu kingine.

Mapema, wiki moja tu baada ya kung'atuka, Gakwaya alikuwa amepanda gari la Mbarara. Mfukoni alikuwa na barua ya kikundi yenye muhuri. Nyamityobora aliuliza njia mara nne. Alimkuta Mukandoli kwenye ua wa nyumba za kupanga, mikono imo ndani ya beseni, kamba tatu za mashuka ya watu nyuma yake.

"Karibu, Papa," alisema Mukandoli. Hakusimama mara moja.

Alimpa mgeni wake kiti. Akampa chai nyeusi.

"Maziwa hakuna," alisema.

Gakwaya aliinywa yote. Katika miaka yake sitini na tisa hakuna nyumba ya watu wa kwao iliyompa chai bila maziwa. Alijua hii ni ya halali yake.

Kisha alimweleza yote, pua, maharage, bidoni. Mukandoli alisikiliza huku anakamua shuka.

"Kwa hiyo ilikuwa yako," alisema.

"Ilikuwa yangu."

"Na ulijua pua imekufa siku ile?"

"Nilijua."

"Kama ungetoka siku ile pua ilitoka..." Alilitundika shuka kwenye kamba.

"Kikundi kinakurudisha," alisema Gakwaya haraka. "Barua iko hapa. Fasi yako mu mustari iko."

"Nirudi na maziwa ya nani, Papa? Ya hii beseni?"

"Tutamutafuta Bihogo. Nitaenda Bwizibwera mwenyewe."

"Nilienda. Mimba inaonekana sasa. Mwenye kumununua hataki kumuachilia, na mimi katika nafasi yake nisingekubali." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Barua inasema nini?"

Gakwaya aliifungua. Alisoma kwamba maziwa ya Mukandoli yalikuwa mazuri, kwamba mwenyekiti wa zamani alidanganya, na kwamba jina lake limefutwa kwenye ukurasa wa makosa.

Mukandoli alinyoosha kidole kwenye milango ya ua ule. "Hapa pia habari ilifika. Mutu wa Nakivale alipita, akawaambia. Watoto hapa wananiita Mama Maziwa Mabaya. Wanafikiri ni jina langu."

Akapiga makofi mara mbili. "Majirani! Mukuje kidogo!"

Milango ilifunguka. Mwanamke mmoja alitoka na mtoto mgongoni. Mwanamume akaacha kutengeneza redio. Watoto watano wakaja wanakimbia, kama wanavyokimbilia ugomvi.

"Huyu Papa ana maneno," Mukandoli aliwaambia. Kisha akamgeukia mzee. "Soma tena. Kwa sauti."

Gakwaya alisimama. Alisoma mpaka mwisho. Watu waliitikia kwa vichwa. Mtoto mmoja alimtazama Mukandoli kama anamuona kwa mara ya kwanza.

"Papa," alisema Mukandoli, "ile fasi inayosema jina langu ulipita mbio. Rudia. Polepole."

Naye mzee akarudia.